Adabu ya Kuazima Mutumbwi

Sisi tulioota meno Bukavu kabla ya Dipanda, ule uhuru wetu, tukikutana siku hizi baada ya misa, hatuongei siasa. Tunaongea ziwa. Tunakumbushana vile baridi ya asubuhi ilivyopanda kutoka kwenye maji hadi mutaa wetu wa Kadutu, na vile tulivyokwenda shuleni kwa masista bila viatu, viazi vitamu vya moto vikiwa ndani ya mufuko wa gauni ili vitupashe moto mapaja njiani. Tulivila kabla ya kengele, pamoja na maganda yake. Mashanza, yale maziwa ya kuganda, tulikunywa kwa kibuyu kimoja, na aliyevuta mara mbili alichapwa na wenzake bila kesi. Tuliruka kamba ya mugomba hadi vumbi likatugeuza rangi, mama zetu wakatuuliza kama tumerudi au tumefufuka. Watoto wa leo wanakunywa maji ya chupa na bado wanaumwa tumbo. Lakini leo sitaki kuongea viazi. Nataka kuongea gati.

Gati lilikuwa chini, upande wa Ibanda, pale nchi inapoingia ziwani na wazungu walipojenga nyumba zao za maua. Lilikuwa la mbao, limesimama juu ya nguzo za mukaratusi. Upande wa kulia zilifungwa mashua za wazungu, nyeupe, zimefunikwa turubai. Upande wa kushoto ulikuwa wetu: mitumbwi ya kuchongwa, myeusi kwa uzee, imefungwa mumoja kwa mwingine hadi mbali majini. Mutu mweusi hakuruhusiwa kukaa Ibanda baada ya kazi, lakini gatini tulivumiliwa, kwa sababu ndizi na samaki vya jikoni mwao vilifika kwa mitumbwi yetu.

Ukitaka kujua kama mutu alilelewa vizuri wakati ule, hukumuuliza mupadri wake. Ulimutazama anavyoshuka gatini. Kwanza alivua viatu, kama alikuwa navyo. Kisha, kwa sababu mutumbwi anaoutaka kila mara ulikuwa nje kabisa, alipaswa kuvuka mitumbwi ya wenzake, na kila mumoja aliubishia hodi kwa kugonga ukingo wake, hata kama ulikuwa mutupu. Sisi watoto tulicheka sana, mutu muzima na ndevu zake anaibishia mbao hodi. Ila mara nyingi haukuwa mutupu. Kulikuwa na mutu amelala humo chini, anapunguza kasiksi ya jana, ile pombe ya ndizi, na aliyekanyagwa tumbo bila hodi alikuwa na haki ya kukusukuma majini. Ndani ya mutumbwi wa mutu mwingine hukuongea, hukutema mate, hukusimama kufikiri. Ulipita.

Kupanda nako kulikuwa na sheria zake. Maman mwenye mwili mukubwa alipanda wa kwanza na kuketi katikati, na hakuna aliyetaja sababu; mwenye mutumbwi alimuambia tu kwamba katikati hakuna upepo. Mbuzi alipanda wa mwisho. Mukwe na mama mukwe hawakupanda mutumbwi mumoja hata iweje, maana kwetu Bashi mwanaume hamukaribii mama wa bibi yake hivyo, magoti kwa magoti. Kulikuwa na tonton mumoja, bwana wa makamo wa Cimpunda, ambaye kila akikaribia kuondoka, mama mukwe wake alitokea na kikapu. Tonton alijifanya amesahau kitu, akapanda tena mulima. Siku moja yule maman aliamua kuketi gatini kupumzika, na akapumzika vizuri. Tonton wa watu alipanda na kushuka hadi miguu ikamuvimba, na hakuna aliyethubutu kumuomba maman asogee, kwa sababu hata kumuomba kungekuwa kukosa adabu.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya kuazima. Kama ulikuwa na shida na mwenye mutumbwi hayupo, uliruhusiwa kuuchukua bila kumutafuta. Lakini ulipaswa kuacha juu ya nguzo ya kwanza, kwenye musumari uliopigiliwa kwa kazi hiyo, kitu chako ambacho huwezi kurudi nyumbani bila hicho: kofia, kiatu kimoja, rozari, fimbo ya kutembelea. Mwenye mutumbwi akifika, alitazama musumari, akajua ni nani amepita na kwamba atarudi, akaketi kungoja. Kuchukua na kuacha kitu kulikuwa kuazima. Kuchukua bila kuacha kitu kulikuwa wizi, hata kama ni kwenda na kurudi tu. Kuna bwana mumoja alikosa kitu cha kuacha, akamuacha bibi yake ameketi chini ya nguzo. Aliporudi, bibi alikuwa amekwisha kwenda kwao, na watu walisema amepata haki yake.

Kitu kikishatundikwa, hakuna mukono mwingine uliokigusa. Mulinzi wa jambo hilo alikuwa Maman Apolina, na hakuna aliyemuweka. Alikuwa mujane, mwenye sauti ya kuamusha mulima muzima, aliyeuza uji wa mutama pale gati linapoanzia, na alijua kila kofia ya Kadutu na kichwa chake. Mutoto akinyosha mukono kwenye musumari alipigwa na mwiko, mwiko ukiwa bado na uji wa moto. Mimi mwenyewe niliuonja mwiko huo, na nilipofika nyumbani kulalamika nikaongezwa.

Papa yangu aliipenda sheria hiyo kuliko watu wote. Aliitwa Kasimiri. Alikuwa fundi wa cherehani, mutu mwembamba wa maneno machache, aliyeshona makoti na suruali na kuzipeleka mwenyewe kwa wateja wa ng'ambo. Mutumbwi hakuwa nao, kwa hiyo kila safari yake ilikuwa ya kuazima. Alirudisha mutumbwi umechotwa maji na kupanguswa, safi kuliko alivyoukuta, na wenye mitumbwi waligombana kwa mizaha ni nani atamuazima, maana ilikuwa kama kuoshewa bure. Alituambia nyumbani kwamba mutumbwi ya mutu uirudishe vile ungependa wakurudishie mutoto yako. Mama alimujibu kwamba basi na yeye Kasimiri wamurudishe hivyo hivyo, amekauka, maana kila mara alifika nyumbani suruali inachuruzika maji.

Wazungu wao walikuwa na sheria moja tu, imeandikwa kwa Kifaransa kwenye ubao: upande wao usiguswe na mutu asiye mwenyewe. Sisi tuliwaonea huruma. Walikanyaga mashua za wenzao na viatu, walipita bila hodi, walipigiana kelele hadi ng'ambo. Kulikuwa na mumoja tuliyemuita Bwana Kapitula, kwa sababu ya suruali zake fupi na miguu yake myekundu. Siku moja alichukua mutumbwi wa upande wetu ili akapige picha za ndege, akaurudisha una maji hadi nusu. Juu ya musumari hakuacha hata kitambaa cha pua. Watu waliliongea jambo hilo juma zima. Maman Apolina ndiye aliyemaliza kesi: akasema wamusamehe, kwao hakufundishwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana naona nazunguka.

Ilikuwa siku ya Mungu, majira ya mvua. Mitumbwi yote ya upande wetu ilikuwa imekwenda matangani ng'ambo ya ghuba. Tulitoka misa, papa, mama na mimi, papa amevaa koti lake la buluu aliloshona mwenyewe na ambalo alilivaa kwa Mungu tu. Mama alitamani uji, tukashuka. Maman Apolina alikuwa na furaha. Binti yake wa pekee, Cito, alikuwa anarudi kutoka kwa nyanya yake, pamoja na wanawake wawili wenye vikapu vya viazi, na tayari tuliuona mutumbwi wao ukizunguka ncha ya rasi. Apolina alikuwa amemuwekea binti yake bakuli ya uji pembeni na kuifunika na jani la mugomba.

Wanaolijua ziwa letu wanajua kwamba halitoi taarifa. Upepo ulishuka milimani mara moja, maji yakawa meusi, na mutumbwi tuliokuwa tunautazama ukageuka. Tuliona vichwa, kisha vikapu vinaelea, kisha vichwa tena. Maman Apolina hakupiga kelele. Aliweka mwiko chini, akaanza kuita jina la binti yake kwa sauti ya kawaida, vile mutu anavyoita mutoto aje kula.

Upande wetu kulikuwa na kamba tupu. Upande wa kulia ilikuwako mashua moja, ya Bwana Kapitula, na makasia yake ndani. Papa alitazama ubao, maana kusoma alijua. Kisha akavua koti. Watu walimuambia aende, aende, lakini alitembea hadi kwenye nguzo, akalitundika koti juu ya musumari, akalinyosha mabega lisikunjike. Alirudi, akagonga ukingo wa mashua ya muzungu, hodi, ndipo akaruka ndani. Nilimuona akivuta makasia, shati lake jeupe linapanda na kushuka kati ya mawimbi, na mama alikuwa amenishika bega hadi likaniuma.

Alimufikia Cito. Tulimuona akimuvuta ndani kwa nguo, kisha mwanamuke mumoja. Wa pili alikuwa amekwisha kuzama. Halafu mvua ikaziba kila kitu, na ilipopungua mashua haikuonekana, upepo ulikuwa umewasukuma ng'ambo. Hatukujua kama wako wazima. Tulibaki tumesimama, tumelowa, tunatazama maji.

Ndipo mama akafikiri. Aliniinamia, akaniambia sikioni niende nikamate koti ya papa, niifiche ndani ya kitenge, nikimbie nayo nyumbani. Papa akirudi ataifunga mashua mahali pake, na muzungu hatajua ni nani. Ilikuwa akili, na gatini siku ile hakuna mutu mwingine aliyekuwa nayo. Nilikwenda. Nilikuwa nimekwisha kushika sehemu ya mukono wa koti wakati Maman Apolina aliponikamata. Alikuwa analia, hajui kama ana mutoto au hana tena, na bado hakuniachilia.

“Acha, mutoto yangu,” akaniambia. “Ukiitoa hapo, papa yako atakuwa mwizi.”

Nilimugeukia mama. Kwa sheria yetu Apolina alisema kweli, na mama alilelewa na sheria hiyo hiyo, tangu akibebwa mugongoni. Aliniita nirudi nisimame karibu naye. Hilo ndilo ninalotaka mulielewe, nyinyi ambao hamukuwako. Pale hapakuwa na mutu mubaya. Kila mutu alikuwa anafanya jambo zuri alilofundishwa.

Bwana Kapitula alikuja mvua ikiwa inakatika, na polisi mumoja nyuma yake, kuangalia kama dhoruba haikumuvunjia mashua. Akaona nafasi tupu. Akaona koti. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuamuru, koti ya nani. Watu walinyamaza, kwa mazoea tu, maana muzungu akiuliza kitu unangoja kwanza ujue anakitakia nini. Lakini Maman Apolina alisogea mbele, akajinyosha, na nikaona ana fahari. Akamueleza kwamba asiogope, mashua haikuibiwa, imeazimwa na mutu wa heshima, Kasimiri, fundi wa cherehani, na koti lake ndilo hili, kwa hiyo atarudi tu. Alimutajia hata njia ya kupanda kwetu. Alifikiri anamutetea papa. Alifikiri muzungu, akiona koti zuri namna ile, ataelewa na kuketi kungoja kama watu wengine. Akachukua ile bakuli ya uji aliyomufunikia binti yake, akamunyoshea anywe.

Muzungu hakuutazama uji. Alimutuma polisi akaite wenzake.

Papa alirudi maji yametulia. Alipiga makasia polepole, Cito amelala mapajani mwa yule mwanamuke, anatapika, muzima. Maman Apolina aliingia majini na nguo zake zote kumupokea. Papa alifunga kamba ya mashua mahali pake. Kisha akarudi ndani, akachota maji yote na viganja, akapangusa kiti cha muzungu na shati lake. Polisi walimungoja amalize. Alipokwenda kuchukua koti, walimufunga mikono, na yeye akamuangalia mama kama mutu anayetaka kuulizwa swali ili ajibu.

Kesi haikuwa ndefu. Sisi tulisimama nje, chini ya dirisha. Bwana aliyehukumu alimuuliza, kupitia mutafsiri, kwa nini aliiba mashua. Papa alieleza juu ya upepo, juu ya Cito, akaeleza sheria ya musumari tangu mwanzo hadi mwisho, pole pole, kwa sababu alijua hawakufundishwa. Wakamuuliza tena kwa nini aliiba.

“Bwana,” papa akasema, “mwizi haachi koti.”

Mutafsiri alitafsiri, na mule ndani walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya hata. Walicheka vile mutu anavyomucheka mutoto aliyesema kitu kizuri. Halafu wakamupa fimbo na gereza. Walisema mashua ilipata mukwaruzo. Juu ya mwanamuke aliyezama, sikusikia mutu akiuliza.

Walimupeleka upande wa Mwenga, kupasua mawe ya barabara, kwenye baridi na matope. Mutu aliyezoea sindano hana mugongo wa mawe. Nyumbani cherehani ilifunikwa kitambaa, na mama alikataza isiguswe, isije ikaharibika kabla mwenyewe hajarudi. Mimi nilipewa kazi ya kupangusa vumbi lake. Nilipokuwa napangusa nilitazama njia, na kila mutu mwembamba aliyepanda mulima wetu nilifikiri ni papa, nikamukimbilia, nikarudi. Mama aliacha kunikemea kwa ajili ya hilo, maana na yeye alikuwa anatazama.

Aliyekuja alikuwa mutu mwingine, mufungwa aliyemaliza wakati wake. Alisimama mulangoni, akaomba maji, akanywa, akakataa kuketi. Mama alipoona anakataa kuketi akajua. Yule bwana akasema papa alianza kukohoa katika mvua ya kwanza na hakuacha, na kwamba wenzake walimuzika vizuri, chini ya njia, kwa sala. Mama akamuuliza kama aliomba kitu. Akasema hapana, hakuwa mutu wa kuomba. Mama akamushukuru kwa kuja, akamusindikiza hadi njiani kama mugeni yeyote, na aliporudi ndani aliketi sakafuni, akalia hadi sauti ikamukauka. Nilikuwa sijawahi kumuona mama sakafuni.

Maman Apolina alikuja matangani. Hakuingia. Alipiga magoti kizingitini, mbele ya watu wote, yule mama wa sauti kubwa, na tulimusikia kwa shida.

“Mimi ndiye nilimutaja.”

“Ulisema kweli,” mama akamujibu.

Hayo tu. Ningependa mama angemutukana, angemupiga hata na ule mwiko wake, wangelia pamoja yakaisha. Lakini mama alikuwa mutu wa adabu. Akamunyanyua, akamuonyesha mahali pa kuketi, akamupa chakula, na wakaishi jirani hivyo hadi wote wawili wakafa. Apolina hakuuza tena uji gatini. Musumari ulibaki mutupu, na baada ya muda mitumbwi ikaanza kufungwa na minyororo. Cito bado yuko, bibi wa watu, ana wajukuu kuliko mimi. Tunasali kanisa moja. Tunaulizana hali, tunaulizana magoti, lakini padri akisema tupeane amani ananishika mukono na kutazama chini.

Na leo? Ziwa liko pale pale. Vijana wanashuka na majaketi ya kuogelea ya rangi ya machungwa, wanakanyaga boti na raba nyeupe, wanasimama katikati kujipiga picha na kumuambia mwenye boti asogee asiwaharibie. Hodi hakuna. Mukwe anaketi na mama mukwe wake benchi moja, wanagawana karanga, na anamuita kwa jina. Nikiwaeleza juu ya kugonga ukingo wananiita koko, nyanya yao, na kuniuliza, mbao iko na masikio? Wanachekesha, sikatai. Wenzangu wa rika langu wanatikisa kichwa, wanasema adabu ilikufa na sisi. Na mimi huwa natikisa kichwa pamoja nao, maana ni kweli, tulikuwa nayo, na ilikuwa nzuri kuitazama.

Juzi mujukuu wangu, Patrick, alichukua pikipiki ya jirani bila neno, akaenda kumutembeza musichana mujini, akairudisha imejaa tope. Jirani alikuja mulangoni anafoka. Patrick akamutazama machoni, mukavu kabisa, akasema leo hata hakutoka. Jirani akanigeukia mimi, kwa sababu avenue yetu nzima inajua kwamba mimi ni mutu wa zamani na sisemi uongo. Akaniuliza kwa heshima kama ni kweli. Nilikuwa nimeketi barazani. Nilimuona mutoto akitoka nayo na nilimuona akirudi.

“Alikuwa hapa na mimi tangu asubuhi,” nikasema.

Jirani akaniomba samahani, akaondoka. Patrick alinitazama kama haamini, akaanza kucheka. Nilimuambia anyamaze aketi, nikamupakulia bugali na sombe, yale majani ya muhogo, nikakaa mbele yake nikimutazama anavyokula. Nilikuwa nawafikiria wale watu wote waliosimama gatini siku ile, watu wazuri, watu wa heshima, na kwamba kati yao hakukuwa na hata mumoja wa kumudanganyia papa yangu.